Siku Sita na Mazimwi ya Makaburini Athens

Siku ya kwanza, Jumamosi

Ndege ilitua saa nane mchana. Uwanja wa ndege wa Athens uko Spata, mashariki ya jiji, na jina hilo nilikuwa nimeshaliandika daftarini kabla sijaondoka Dar es Salaam. Spata ndiko ilikotoka sanamu iliyonileta: Sfinksi wa mnamo mwaka 570 KK, mwili wa simba, mabawa ya ndege, uso wa mwanamke, aliyekaa juu ya kaburi la mtu ambaye jina lake limepotea. Nilichungulia dirishani nikaona mizeituni, uzio wa waya, na malori ya mizigo.

Niseme kazi yangu mapema, maana ndiyo iliyonitia kwenye haya. Nachonga mawe ya makaburi. Wateja wangu karibu wote wanataka kitu kimoja: jina, alizaliwa lini, alifariki lini, aya moja ya kitabu, basi. Mwezi wa saba akaja mama mmoja akitaka jiwe la mumewe liwe na malaika mwenye mabawa, "aliyechongwa, siyo wa kuchorwa." Sijawahi kuchonga bawa. Nikaanza kutafuta picha za mabawa ya mawe, moja ikaniongoza kwa nyingine, mwisho nikajikuta kwa Wagiriki wa kale. Hao juu ya makaburi yao waliweka mazimwi, na kadiri nilivyozidi kuyatazama ndivyo nilivyozidi kujiuliza: zimwi linamfanyia nini maiti?

Mjomba alinisubiri nje ya mlango wa abiria amevaa koti la baridi, na jua linawaka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwa wangu. Mbona umekonda?"

Mara ya mwisho kuonana nilikuwa mtoto wa darasa la pili. Mjomba ni baharia, na waliokulia karibu na bandari wanajua neno hilo tunalitumia vipi: alizamia melini, akashukia Piraeus, bandari ya Athens, akabaki. Miaka mingi hakuwa na karatasi. Sasa anazo, na tiketi yangu kanunua yeye. Anakaa Kypseli, ghorofa ya nne, lifti mbovu. Usiku tulikula wali na maharage ya nazi ya kopo, akauliza habari za kila mtu kwa jina, ila za Bibi hakuuliza. Bibi, mama yake, alifariki yeye akiwa huku bila karatasi. Jiwe la kaburi lake nililichonga mimi.

Siku ya pili, Jumapili

Kerameikos. Mjomba alinisindikiza mpaka getini, akaniambia amepita nje ya uzio ule miaka yote hiyo asijue ndani kuna nini. "Nilidhani ni shamba la serikali." Akaenda zake kazini.

Usimcheke. Ukitazama kutoka barabarani, Kerameikos ni bonde la majani, mawe, na kijito chenye matete. Kijito kinaitwa Eridanos. Hapa walikaa wafinyanzi, ndiko lilikotoka jina, na hapa nje ya malango ya jiji Waathens walizika watu wao kwa karne nyingi. Barabara ya Makaburi bado ipo, na viwanja vya ukoo vimepangwa pembeni, kila kimoja kikiitazama njia, kama maduka. Hilo nililielewa mara moja. Kaburi la namna hii liliwekwa lisomwe na mpita njia.

Nilisimama muda mrefu kwenye kiwanja cha Dexileos. Alikuwa askari wa farasi, aliuawa vitani huko Korintho mwaka 394 KK, umri wake miaka 20. Jiwe lililopo uwanjani ni nakala, la asili limehifadhiwa kwenye jumba dogo la makumbusho hapo hapo: kijana juu ya farasi aliyesimama kwa miguu ya nyuma, adui chini. Kilichonishika ni ukuta wenyewe, umepinda kama upinde. Huku na huku ya jiwe la kijana walisimama Sireni wawili. Mmoja yuko Makumbusho ya Taifa, nitamwona kesho.

Hapa niondoe tatizo la lugha. Ukimwambia Mswahili "Sireni" atafikiria king'ora cha gari la wagonjwa, au atafikiria nguva. Nguva hahusiki. Wagiriki hawa walimwona Sireni ni ndege: kuanzia juu mwanamke, kuanzia mapajani ndege, kucha na mkia juu. Ndiye yule wa hadithi aliyeimba mabaharia wakapotea. (Nilipomsimulia mjomba jioni, alisema yeye kilichompoteza ni rafiki aliyemwambia meli inakwenda Marekani.)

Nikiwa nimeinama napima upana wa herufi kwa kidole, kitu kikakwaruza majani nyuma yangu. Kobe. Akapita kati ya mawe mawili ya kaburi, taratibu, kama mwenye nyumba anayekagua mipaka. Niliwahesabu watano kabla sijatoka.

Ndani ya jumba ndimo nilimomkuta Sfinksi wangu wa kwanza. Mwaka 2002 wachimbaji wa Kijerumani walifukua karibu na Lango Takatifu wakapata sanamu za karne ya 6 KK zilizokuwa zimefukiwa: kijana aliyesimama, simba, na Sfinksi. Kisa chake ni hiki. Waajemi waliichoma Athens mwaka 480 KK. Walipoondoka, Waathens walijenga ukuta wa jiji mbio mbio, na mwanahistoria Thukidide ameandika kwamba walitia ndani yake mawe ya makaburini na chochote kilichokuwa karibu. Fikiria hasira ya mtu kuona jiwe la babu yake limekuwa tofali. Lakini vilivyobaki juu ya ardhi vilivunjwa na kuchomwa kuwa chokaa, na vilivyofukiwa ndivyo tunavyoviona.

Kuna jiwe moja humo ndani halina zimwi hata moja, nalo nalitaja kwa sababu lilinifanya nitafute mahali pa kukaa. Mwanamke anaitwa Ampharete. Amemshika mtoto mchanga, anamtazama, na kwa kidole amemshikia kitu kama ndege wa kuchezea. Maandishi ya juu yanasema anamshika mtoto wa binti yake, ambaye alimpakata wote wawili wakiwa hai wanaliona jua, na sasa amekufa anampakata akiwa amekufa. Bibi na mjukuu. Karne ya 5 KK, na herufi zimekatwa kwa mkono usiotetemeka.

Siku ya tatu, Jumatatu

Kutoka Kypseli hadi Makumbusho ya Taifa ni mwendo wa kutembea, unashuka barabara ya Patision. Nilikaa humo saa tano, mguu ukavimba.

Sfinksi wa Spata ni mdogo. Nilitarajia dude la kutisha, nikakuta mnyama wa kimo cha mbwa wa kienyeji aliyekaa kwa makalio. Kofia ya duara kichwani, nywele zimeshuka kwa misokoto, mabawa yamepinda kuja juu kama mundu. Kiwiliwili kinatazama upande, uso umegeuka kukutazama wewe. Na anatabasamu! Tabasamu lile la sanamu za Kigiriki za wakati huo, pembe za midomo zimevutwa kidogo, hujui anakukaribisha au anakucheka.

Nilimzunguka mpaka mlinzi akaanza kunifuata. Mtu wa kazi hii anatazama mgongo. Mbele kila fundi hulainisha, mgongoni ndiko anakoacha siri. Manyoya ya bawa hayakuchongwa yote kwa kina. Wakati ule kazi nyingine aliachiwa fundi wa rangi: nyekundu, buluu, nyeusi, kila unyoya na rangi yake. Marumaru nyeupe tunayoiabudu leo ni sanamu iliyovuliwa nguo.

Sasa panda naye juu. Hakukaa chini kama alivyo sasa. Alikaa juu ya bamba refu jembamba la jiwe, na ncha yake ikapachikwa kwenye tundu na kumiminiwa risasi iliyoyeyushwa. Sisi tunatumia saruji, ndiyo maana vibao vyetu huanguka baada ya masika kumi. Kuna moja karibu kamili New York, kaburi la kijana linalodhaniwa ni la Megakles, la mnamo 530 KK. Pamoja na Sfinksi wake lina kimo cha mita 4 na zaidi. Maandishi yake yanasema baba na mama mpendwa ndio walioliweka. Mita nne! Mpita njia angeliona kabla hajauona mji. Pwani kwetu kuna makaburi ya nguzo, Kaole na Takwa, na nadhani wajenzi wake wangeielewa haraka akili hiyo ya kwenda juu.

Sfinksi alikuwa akifanya nini huko juu? Majibu mawili hutolewa, na mimi nayakubali yote mawili. La kwanza, ni mlinzi. Kuna maandishi ya kaburi ya karne ya 5 KK kutoka Thesalia yanayomwita Sfinksi "mbwa wa Hades", yakimuuliza anamlinda nani. Mbwa wa kuzimu, amefungwa mlangoni ili mwizi na mchawi wasikaribie. La pili ni chungu zaidi: huyu huyu ndiye mchukuaji. Katika visa vya Thebes, mji wa kale wa Kigiriki, aliwanyakua vijana. Na makaburi yaliyobeba Sfinksi, mengi ni ya waliokufa wakiwa bado wabichi. Basi mzazi aliyeagiza sanamu ile aliagiza kifo chenyewe kichongwe, kimekaa juu ya mwanawe, kimeshiba, kinatabasamu. Nilimkumbuka yule mama wa malaika. Sitamweleza hili.

Chumba kingine kuna jiwe ambalo chini ya miguu ya marehemu Gorgoni, zimwi la kike lenye nywele za nyoka, anakimbia, magoti yamekunjwa, uso umekukabili. Huyo kazi yake haina ubishi: ondoka hapa.

Kisha, ghafla, mazimwi yanapotea. Ukitembea kwa kufuata miaka utaliona pengo hilo kwa macho. Kwanza, mnamo 530 KK, Sfinksi anaondolewa juu ya mawe na mahali pake panawekwa ua la mapambo. Baadaye makaburi ya fahari yenyewe yanakoma. Cicero, Mrumi, ameandika kwamba Athens ilitungwa sheria: kaburi lisihitaji kazi zaidi ya watu kumi kwa siku tatu. Nilipiga hesabu pale pale. Siku thelathini za kazi ya mtu mmoja! Oda yangu ya kawaida ni mimi, kijana wangu mmoja, na siku nne. Kama watu wale walikuwa wakizuiwa wasivuke thelathini, kabla ya sheria walikuwa wanatumia ngapi?

Mawe yenye sanamu yalirudi mnamo 430 KK, na zimwi likarudi nayo likiwa na sura nyingine. Sireni wa Dexileos amesimama kwenye miguu ya ndege. Mkono wa kushoto ameshika kinubi, wa kulia kigongeo cha nyuzi. Kinubi chenyewe nilikisogelea mpaka pua ikakaribia kugusa, maana mgongo wake nilikuwa nimeuona jana ukipita majanini. Ni gamba la kobe. Mchongaji hakuhitaji kwenda mbali kutafuta mfano.

Sura yake imelegea. Yule wa Spata anakutazama wewe, huyu hana habari na wewe. Wenzake waliochongwa juu ya mawe mengine hufanya yale ya msibani hasa: mkono mmoja unang'oa nywele, wa pili unapiga kifua. Zimwi lililokuwa likiua kwa wimbo limepewa kazi ya kuomboleza. Mwandishi wa tamthilia Euripides naye, mwaka 412 KK, alimfanya Helena awaite Sireni waje kumsaidia kilio. Na mshairi Erinna, alipomtungia rafiki yake Baukis aliyefariki akiwa bibi harusi, alianza kwa kuyaita mawe ya kaburi na Sireni wake.

Nilipotoka jua lilikuwa linazama. Nadhani nimepata nilichokifuata, na hakikuwa kuhusu mabawa. Matanga huisha. Siku ya tatu, ya arobaini, watu hukunja mikeka, kila mmoja akarudi kwake. Waathens waliacha mtu wa kuendelea kulia pale barabarani usiku na mchana, na wakachagua kiumbe ambaye sauti haimkauki.

Siku ya nne, Jumanne

Delphi, kwenye hekalu la kale la mungu Apollo, na kurudi, kwa basi mwendo wa saa tatu kwenda. Mjomba aliomba ruhusa kazini akaja nami. Tulipokuwa kwenye uwanda wa Thebes nikamwambia huku ndiko Sfinksi alikowategea watu, asiyejibu analiwa.

"Tega basi."

"Asubuhi miguu minne, mchana miwili, jioni mitatu."

Akafikiri kilometa kama tatu. "Baharia," akasema. "Akishuka melini anatambaa, akipata kazi anasimama, akistaafu anashika fimbo." Nikampa mji.

Sfinksi wa Delphi ndiye mashuhuri kuliko wote: walimtoa watu wa kisiwa cha Naxos mnamo 560 KK, akakaa juu ya nguzo iliyomfikisha zaidi ya mita 12 kutoka chini. Kifua kimechongwa magamba ya manyoya safu kwa safu, kazi ya kutisha kwa uvumilivu. Lakini yeye hakukaa kaburini. Ni sadaka kwa Apollo. Nilimheshimu, nikapiga picha za mabawa kwa ajili ya oda yangu, tukaenda kula.

Siku ya tano, Jumatano

Mvua. Asubuhi nilikwenda Makaburi ya Kwanza, yale makubwa ya jiji nyuma ya uwanja wa michezo wa marumaru. Bado yanazikiwa watu. Sfinksi sikumwona, malaika wamejaa tele, na kati yao yuko msichana aliyelala wa Yannoulis Chalepas, wa mwaka 1878. Godoro la jiwe limebonyea chini yake. Nilibonyeza hewa kwa kidole, huyo fundi kaniweza.

Karibu na hapo kuna karakana za marumaru. Niliingia moja, mzee kaniuliza kwa Kigiriki nataka nini, nikamwonyesha viganja vyangu. Akacheka, akanionyesha vyake. Tulielewana kwa vifaa: patasi ya ncha, patasi ya meno, patasi bapa, tupa. Ndizo zile zile zilizoacha alama mgongoni mwa sanamu za makumbusho. Alinipa kipande cha marumaru ya mlima Penteli, Sireni na Sfinksi wa Spata ni jiwe hilo hilo, akakilowesha nikaona chembe zinavyong'aa. Lina chuma kidogo ndani, kwa hiyo likikaa nje miaka hugeuka rangi ya asali. Nilijaribu kukata herufi M. Jiwe linakubali, halipasuki ovyo kama lile ninalouziwa mimi.

Niliporudi nilipitia tena Kerameikos, mvua ikiwa imekatika. Kuna vinguzo vifupi vya mviringo kila mahali, nilivipuuza Jumapili. Hivyo ndivyo vilivyokuja baada ya Demetrios wa Phaleron, aliyeitawala Athens kuanzia 317 KK, kukataza fahari tena: kinguzo kisizidi dhiraa tatu, au meza, au beseni la jiwe, chagua. Mazimwi yakakosa pa kukaa. Mafundi wangapi walibaki bila kazi wiki ile? Nilikaa juu ya ukuta nikiwaza wao, wala siyo marehemu.

Siku ya sita, Alhamisi

Ndege yangu ni usiku. Mjomba akasema twende basi akamwone huyo ndege wangu.

Alivua kofia alipoingia, kama kanisani. Kwa Sfinksi alipita tu. Mbele ya Sireni alisimama mikono nyuma, nikamweleza kwa ufupi: kijana wa miaka ishirini, alikufa mbali vitani, hawa waliwekwa wamlilie. Akauliza, "Mchana na usiku?" Nikasema ndiyo. Akauliza tena kama waliomwagiza walikuwa ndugu zake. Nikasema makaburi yale yalikuwa viwanja vya ukoo.

Tulipokaa nje kwenye ngazi akaniomba picha ya jiwe la Bibi. Nilijua ipo siku ataiomba. Nikaitafuta kwenye simu, nikampa. Akaikuza kwa vidole viwili, akasoma jina, akasoma tarehe, akashuka mpaka mstari wa chini: *Limewekwa na wanao*, kisha majina. Niliona midomo yake ikiyahesabu. Sita. Bibi alizaa saba. Orodha nililetewa na familia imeandikwa kwenye karatasi, nami nikakata kama ilivyoandikwa. Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, sikuuliza.

Hakusema kitu. Akanirudishia simu, akavaa kofia.

Nikaifungua tena ile picha. Baada ya jina la mama mdogo kuna nafasi mpaka ukingoni, nilikuwa nimeuachia mstari pumzi upande wa kulia. Nikaweka kidole juu ya kioo nikapima. Herufi zangu kwenye jiwe lile ni za sentimita mbili na nusu. Jina la mjomba lina herufi tano.

"Linaingia," nikamwambia.

"Pima tena," akasema.